Santuri ya Nauli

Katika Tenzi za Rohoni, kile kitabu kidogo ambacho majalada yake yamechakaa kwa jasho la mikono ya mama zetu tangu Mombasa hata Mwanza, umo utenzi mmoja unaoitukuza siku ambayo mtu alimkiri Mwokozi wake na dhambi zake zikaoshwa. Huimbwa polepole, kinanda kikitangulia na wazee wakifuata nyuma hatua moja, kila mtu akiivuta sauti yake kwa saburi kama avutaye kamba ya ndoo kisimani. Wengi wauimbao hawana habari kwamba utenzi huo ni ndugu wa tumbo moja na wimbo uliotoka katika kanisa la mtaa huko California, ukavuka bahari, ukashika nafasi za mbele katika masoko ya muziki ya Marekani na Ulaya mwaka 1969, na kufungua baina ya kwaya za waumini na muziki wa watu wote mlango ambao tangu hapo haujafungwa. Wala hawana habari kwamba waliouimba hawakuwa wanamuziki wa kazi, bali vijana wa kanisa waliokuwa wakitafuta nauli.

Kisa hiki chastahili kusimuliwa kwa taratibu, maana ndani yake limo swali ambalo kila kwaya hukutana nalo siku moja: wimbo wa ibada ukishatoka nje ya kuta za kanisa ukaimbwa sokoni, je, umepotea au umetumwa?

Maneno ya asili ya utenzi wenyewe yalitungwa na Philip Doddridge, mchungaji wa Kiingereza aliyezaliwa London mwaka 1702 na kulihudumia kanisa la mji wa Northampton kwa miaka mingi, mtu wa elimu nyingi na afya haba, ambaye alikuwa na desturi ya kutunga tenzi za kuhitimishia hotuba zake ili waumini warudi majumbani na funzo la siku hiyo midomoni. Maradhi ya kifua yalimfukuza katika baridi ya kwao, akasafiri hadi Lisbon kutafuta jua, na huko huko akafariki mwaka 1751. Tenzi zake hazikupigwa chapa ila baada ya kifo chake, mwaka 1755. Na kile kiitikio ambacho leo ndicho watu hukikumbuka zaidi kuliko beti zenyewe hakikuwa chake, bali kiliongezwa na wengine katika karne ya 19. Basi tangu mwanzo utenzi huu ulikuwa mali isiyo na mlinzi: mmoja alitia maneno, mwingine sauti, mwingine kiitikio, na kila kizazi kiliupokea kwa mkono wake na kuutengeneza kwa kadiri ya haja yake.

Ulipofika Marekani, uliwakuta watu weusi ambao nao walikuwa na nyimbo zao, zilizozaliwa katika mashamba ya pamba chini ya jua na kiboko, na ambao walikuwa na uhodari wao wa kuuchukua utenzi wa Kizungu, kuuvua koti lake zito na kuuvika nguo ya kuchezea. Na ajabu ni kuwa nyimbo zao wenyewe zilitoka nje mara ya kwanza kwa sababu ya fedha. Mwaka 1871 chuo cha Fisk, kilichojengwa mjini Nashville kwa ajili ya watu waliotoka utumwani, kilikuwa karibu kufungwa kwa madeni. Ndipo mwekahazina wake, George White, alipowakusanya wanafunzi tisa waliojua kuimba, akatoka nao kwenda kuchangisha. Waliimba katika makanisa na majumba ya mikutano, wakadharauliwa hapa na kukirimiwa pale, hata mwaka 1873 wakasimama mbele ya Malkia Victoria wa Uingereza. Na kwa mapato ya koo zao likajengwa jumba kubwa la chuo ambalo lingali lasimama hadi leo. Hivyo desturi ya kwaya kutoka nje kwa ajili ya haja ya jamaa yake haikuanza na vijana wale wa California, wala haikuanza na santuri.

Ugomvi wa kanisa na soko nao haukuanza huko. Mnamo miaka ya 1920 alikuwako mpiga kinanda mmoja wa Chicago, Thomas Dorsey, mwana wa mhubiri, ambaye usiku alipiga blues katika vilabu vya pombe na kujulikana kwa jina la Georgia Tom. Mwaka 1932 mkewe alifariki katika uzazi, na mtoto naye akamfuata. Na katika msiba huo Dorsey akatunga wimbo wa kumwomba Bwana amshike mkono, wimbo ambao umefuta machozi ya mamilioni ya wafiwa. Alipojaribu kuyaingiza makanisani mapigo aliyoyajua, wachungaji wengi walimfungia milango, wakisema kuwa amemleta ibilisi madhabahuni amevaa joho. Lakini watu walizipenda nyimbo zile, na mapenzi ya watu ni maji: ukiziba huku yatapitia kule. Haukupita muda mrefu ila kila kanisa kubwa la watu weusi lilikuwa na kwaya ya injili ya namna yake, na wale waliomfukuza walimwita baba wa muziki huo.

Miongoni mwa makanisa ambayo hayakuhitaji kushawishiwa lilikuwako Church of God in Christ, lililoasisiwa na Charles Harrison Mason na kuweka makao yake Memphis. Kwao ngoma, matari na magitaa havikuwa vitu vya kuonewa haya, maana waliamini kuwa Mungu aliyeumba mikono hakuiumba ikae mapajani. Vita ya pili ya dunia ilipowaita wafanyakazi katika viwanda vya merikebu kando ya Ghuba ya San Francisco, watu weusi kwa maelfu walizihama Texas na Louisiana, wakajaza mitaa ya Oakland na Richmond. Nao hawakuja na mikono mitupu, bali walikuja na mapishi yao, na usemi wao, na makanisa yao, na ibada ambayo mtu huingia akitembea na huenda akatoka akicheza.

Katika mji huo wa Oakland, mwezi wa Agosti 1943, alizaliwa Edwin Hawkins, mmoja wa watoto wanane wa nyumba isiyokuwa na mali ila sauti. Waliimba wazazi, waliimba watoto. Na Edwin, angali mdogo ambaye miguu yake haijafika chini akiketi, aliwekwa mbele ya kinanda awapigie jamaa zake walipokwenda kuimba makanisani. Mama yake alikuwa na kitabu kikuukuu cha tenzi, na kijana huyo akawa na tabia ya kukifungua, kuchagua utenzi mmoja uliozoeleka hata ukachosha, na kuupanga upya kwa mapigo ya zama zake, kama fundi wa nguo anayefumua kanzu ya babu ili amshonee mjukuu. Hakusomea kazi hiyo katika chuo chochote cha muziki. Chuo chake kilikuwa benchi la kinanda na sikio lililo wazi, na sikio hilo halikubagua sauti za redio na sauti za kanisa.

Mwezi wa Mei 1967 Edwin, pamoja na mwimbaji mwenzake Betty Watson, waliwakusanya vijana kutoka makanisa mbalimbali ya dhehebu lao katika miji ya Ghuba, wakaunda kwaya moja ya watu wapatao 50, wakaiita Northern California State Youth Choir. Msomaji na autazame wakati huo kwa macho ya kijana wa Oakland. Miezi michache kabla yake, katika mji huo huo, chama cha Black Panther kilikuwa kimeasisiwa na vijana waliochoshwa na virungu vya polisi. Ng'ambo ya daraja, San Francisco ilifurika vijana wa Kizungu wenye nywele ndefu waliotangaza kwamba dunia itaponywa kwa mapenzi na maua. Na kila siku vijana wengine walipakiwa kupelekwa Vietnam. Baina ya bunduki, maua na majeneza, hawa walikutana jioni baada ya kazi na masomo, wakafanya mazoezi ya kumsifu Mungu. Usiseme kuwa walikuwa nje ya zama zao. Walikuwa ndani kama wenzao, ila walikuwa wamechagua mlango mwingine.

Dhehebu lao lilikuwa na mkutano mkuu wa vijana, na mkutano wa mwaka 1968 ulikuwa ukutanike Washington, upande wa pili wa nchi, safari ya maelfu ya maili. Kila aliyepata kuwa mwanakwaya anajua jambo linalofuata: kikao cha kwaya, hesabu ya nauli na chakula, kimya kirefu, kisha mtu mmoja kusimama na kutoa shauri. Sisi kwetu tungalifanya harambee, au mama wangalipika maandazi ya kuuza baada ya ibada. Wao wakakata shauri kurekodi santuri, wakitumaini kuuza nakala 500 kwa jamaa, majirani na waumini wenzao.

Kazi ilifanyika katika kanisa lao la Ephesian mjini Berkeley, kwa mashine yenye njia mbili tu za sauti, chombo duni hata kwa siku zile, ambapo wanamuziki wakubwa wa London na Los Angeles walikuwa wamekwisha zoea mitambo ya njia nne na nane. Maana ya njia mbili ni kwamba makosa hayafichiki: mwimbaji akikohoa atasikika, na ngoma ikizidi sauti haipunguziki baadaye. Nyimbo zilikuwa nane, nyingi zikiwa tenzi za zamani zilizopangwa upya na Edwin, na santuri nzima iliitwa Let Us Go Into the House of the Lord. Ule wa Doddridge ulikuwa mmoja miongoni mwa hizo nane, na Edwin mwenyewe alisema baadaye kwamba hakuudhania hata kidogo. Aliona kuwa zimo nyingine zenye nguvu zaidi.

Tuusikilize basi wimbo huo ambao mpangaji wake aliudharau. Unaanza kwa kinanda na mapigo, si ya haraka wala ya polepole, yenye kuyumba kidogo kwa ladha ya muziki wa Kilatini, mfano wa mtu atembeaye njiani hana haraka lakini anajua aendako. Kisha inaingia sauti ya mwanamke, Dorothy Combs Morrison, mzaliwa wa Texas aliyelelewa Richmond, sauti nzito, ya chini, ya mtu anayezungumza nawe kwa siri. Naye akitamka tamko moja kwaya inalipokea, akitamka jingine wanalipokea, kwa utaratibu ule ule ambao kwetu ngoma zote, za arusi na za jando, zinaujua: mmoja huanzisha na wengine hupokea. Beti za Doddridge hazimo. Edwin alikiacha kitabu na kuchukua kiitikio, akakirudia na kukirudia. Pale mtu anapodhani kuwa sasa watapaza sauti, wao hushuka; na pale anapozoea utulivu, hupanda kwa pamoja kama wimbi la kusi linalojikusanya mbali na kuvunjikia ufukweni. Mwisho Dorothy huachana na maneno yaliyoandikwa, huomba, huita, hushangilia, na mapigo hayamwachi. Katika dakika tano hizo msikilizaji amepelekwa ibadani na kurudishwa, wala hakuulizwa dini yake.

Kwaya ilikwenda Washington, ikaimba, ikarudi. Hapo kisa kingeweza kumalizika, na nakala zile zikabaki katika makabati ya jamaa, zikitolewa siku za sikukuu. Lakini mapema mwaka 1969 nakala moja iliangukia mikononi mwa mtu wa biashara ya santuri, ikafikishwa katika stesheni ya KSAN ya San Francisco, mojawapo ya zile redio mpya ambazo watangazaji wake hawakufuata orodha ya matajiri bali walipiga lolote walilolipenda, kwa urefu wowote. Mtangazaji Abe Kesh, aliyejulikana kwa lakabu ya Voco, aliupiga wimbo huo baina ya muziki wa magitaa makali ya vijana. Simu zikaanza kulia. Waliouliza hawakuwa washirika wa Church of God in Christ, bali vijana wale wa nywele ndefu, ambao wengi wao walikuwa wameyakimbia makanisa ya wazazi wao na hawakutazamia kuikuta furaha waliyoitafuta ikitoka huko huko walikokimbia. Kizuri chajiuza, walisema wahenga. Ila hawakusema kuwa mara nyingine hujiuza kwa mnunuzi ambaye muuzaji hakumfikiri.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Kampuni ya Buddah Records, ambayo sifa yake hata wakati huo ilikuwa ni kuuza nyimbo nyepesi za vijana, ilinunua haki na kuutoa wimbo ule peke yake kwa chapa ya Pavilion, chini ya jina Oh Happy Day. Kwa muda wa miezi miwili ziliuzwa nakala zaidi ya 1,000,000. Kule Marekani wimbo ulifika nafasi ya 4 katika orodha ya nyimbo zote, si ya nyimbo za dini. Uingereza ukafika nafasi ya 2. Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi ukatangulia mbele ya nyimbo zote. Hesabu itajwayo kwa dunia nzima ni zaidi ya nakala 7,000,000, na mwaka 1970 ulipewa tuzo ya Grammy kwa uimbaji wa injili. Waliotarajia wanunuzi 500 walipata mataifa.

Kila neema ina kodi yake, na kodi ya hii ilitozwa nyumbani. Baadhi ya wakuu wa kanisa, waliposikia kwamba wimbo wa ubatizo unapigwa katika mabaa na majumba ya dansi, na kwamba watu wanaucheza wakiwa na bilauri mkononi, waliona kuwa kitu kitakatifu kimetupwa mbele ya wasiokijali, nao wakalaumu. Tusiwacheke wazee hao. Walikuwa wameona wengi wakitoka kanisani kwa wimbo na kutorudi. Walikumbuka jinsi Sam Cooke, kipenzi cha makanisa, alivyoziacha nyimbo za injili mwaka 1957 na kufuata za mapenzi. Nao walimheshimu Mahalia Jackson, aliyekataa katu kuimba nyimbo za dunia ingawa aliahidiwa fedha nyingi. Lakini kesi ya vijana wa Oakland ilikuwa tofauti, na hapo ndipo ugumu wake ulipo: wao hawakubadili hata neno moja kwa ajili ya soko. Cooke aliacha jina la Mungu ili apate soko. Hawa soko liliwafuata, na jina la Mungu likiwa ndani. Edwin hakuona aibu kwa hilo. Kwake yeye, ikiwa kazi ya kanisa ni kuwaendea walio nje, basi wimbo ulikuwa umefanya kwa miezi michache kazi ambayo wahubiri wengi hawaifanyi kwa umri wao wote.

Kodi nyingine ilikuwa ya jina. Northern California State Youth Choir lilikuwa jina refu, la jamaa na la dhehebu, halikufaa kwa mabango. Basi kwaya ikaitwa Edwin Hawkins Singers. Betty Watson, aliyeanzisha pamoja naye, hakutajwa katika jina hilo, wala Dorothy Morrison, ambaye sauti yake ndiyo iliyowasimamisha watu walipokuwa wakipita. Naye Dorothy hakukawia kufuata njia yake mwenyewe. Sisemi kwamba palikuwa na hila. Nasema tu kwamba soko halijui kuuza watu hamsini, na kwamba ni mara chache jamaa nzima hupita katika tundu la sindano ya umaarufu pasipo kuacha kitu upande wa pili.

Katika mwaka huo huo wa 1969, kwa sadfa inayotuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili, kwaya nyingine ya watoto wa kanisa ilikuwa katika orodha ya nyimbo zilizouzwa Uingereza. Hiyo ilitoka Kamina, katika Katanga, mji wa reli ambako Kiswahili ndiyo lugha ya sokoni. Padri Mbelgiji Guido Haazen aliwakusanya huko wavulana na walimu wa shule, na pamoja nao akaisikiliza misa ya Kilatini ikichukua sauti na ngoma za Waluba. Wakaiita Missa Luba, wakaipeleka Ubelgiji mwaka 1958 katika maonyesho makubwa ya Brussels, wakairekodi. Miaka kumi baadaye kipande chake kilitiwa katika sinema ya Kiingereza, if...., na vijana wa London wakakimbilia madukani. Nao pia walijulikana kwa jina lisilo lao, Troubadours du Roi Baudouin, jina la mfalme wa mbali. Kamina na Oakland hazikujuana, lakini njia waliyopita ni moja: ibada ya mtaani, safari, santuri, kisha wasikilizaji ambao hawakualikwa wakaja.

Kiangazi hicho Edwin na kwaya yake waliimba Harlem, katika tamasha kubwa lililofanyika Jumapili kadhaa ndani ya bustani ya Mount Morris, mbele ya umati wa watu weusi waliosimama juani wakiitikia. Picha za tamasha hilo zililala gizani kwa muda wa nusu karne, hata zikatolewa mwaka 2021 katika filamu ya Summer of Soul. Na aitazamaye humwona Dorothy Morrison akiwa amesimama mbele ya wenzake, na waimbaji nyuma yake wakiyumba kama shamba la mpunga. Mwaka 1970 waliimba pamoja na Melanie, msichana wa nyimbo za gitaa, katika wimbo wake wa mishumaa katika mvua, ukafika nafasi ya 6 Marekani. Na tangu hapo sauti ya kwaya nyuma ya mwimbaji wa dunia ikawa pambo ambalo kila mtengenezaji wa muziki alilitafuta.

Hata George Harrison wa Beatles alikiri kwamba wimbo wake My Sweet Lord ulipata cheche kutoka kwa vijana wa Oakland. Na kabla hajautoa mwenyewe, rafiki yake Billy Preston aliurekodi, na waliomwimbia nyuma walikuwa ni Edwin Hawkins Singers hao hao. Baadaye Harrison alishitakiwa kuwa ameiga sauti ya wimbo mwingine wa mapenzi wa mwaka 1963, na mwaka 1976 hakimu akahukumu kwamba ameiga pasipo kujua. Fikiri ajabu ya jambo hilo: mahakama ikipima kwa mizani nani mwenye noti hii na nani mwenye noti ile, ilhali wimbo uliotia cheche ulikuwa wa mchungaji aliyekufa miaka zaidi ya 200 nyuma, na wa wote waliouongeza na kuupunguza njiani, na wa mama mmoja wa Oakland aliyekuwa na kitabu kikuukuu nyumbani.

Edwin hakupata tena wimbo wa kuufikia ule, wala hakuonekana kuhangaika kwa hilo. Mdogo wake Walter, aliyekuwa miongoni mwa waimbaji, aliasisi kanisa la Love Center mjini Oakland mwaka 1973, na miaka miwili baadaye kwaya ya kanisa hilo ikatoa santuri ya Love Alive, ambayo ilionyesha kuwa kwaya ya mtaa yaweza kuwa na wasikilizaji wengi bila kuhama mtaa wake. Tramaine, mke wa Walter na mwimbaji wa kwaya ile ya kwanza, akawa miongoni mwa sauti kubwa za injili za kizazi chake. Edwin mwenyewe alitumia miaka mingi kuendesha semina za muziki, akikusanya waimbaji wa makanisa kutoka miji mbalimbali na kuwafundisha kwa siku chache hata wakawa kwaya moja, yaani akiirudia kila mwaka ile kazi ya mwaka 1967. Walter alifariki mwaka 2010, na Edwin akamfuata tarehe 15 Januari 2018, akiwa na umri wa miaka 74.

Leo hakuna haja ya kuuliza kama kwaya ya kanisa yaweza kusikilizwa na wasio wa kanisa. Katika daladala za Dar es Salaam na matatu za Nairobi nyimbo za kwaya hupokezana zamu na za dansi, na abiria mwenye kofia ya kiua hutikisa kichwa sawasawa na abiria mwenye rozari. Wako wazee wetu wanaolalamika kwamba magitaa yamezidi na mavazi ya waimbaji yamekuwa ya jukwaani. Malalamiko hayo Dorsey aliyasikia Chicago, na Edwin aliyasikia Oakland. Sijui mizani ya kuwapimia, lakini naona kwamba wimbo uliotoka kwa haja ya kweli ya jamaa, uwe ni deni la chuo au nauli ya vijana, huwa na kitu ambacho soko haliwezi kukitengeneza, wala haliwezi kukiharibu upesi.

Katika mji mkuu wa Marekani iko Maktaba ya Bunge, ambayo kila mwaka huchagua rekodi chache za kuhifadhiwa kwa sababu ya thamani yake katika tarehe ya taifa. Katika orodha ya mwaka 2005 imo ile iliyorekodiwa kanisani Ephesian, pamoja na kishindo cha chumba na upungufu wote wa mashine ya njia mbili. Maktaba hiyo iko Washington. Vijana wale walirekodi ili wapate nauli ya kufika mji huo, wakafika, wakakaa siku zao, wakarejea makwao. Santuri yao ilichelewa kuwafuata kwa miaka karibu 40, lakini nayo ilifika, na iko huko.